Tembo wa mwaka 1943: sarafu za Congo na maelezo yanayoandikwa na mashine

Katika nyumba nyingi za mashariki mwa RDC kuna kikopo au kifuko kidogo ambacho watoto hawaruhusiwi kukigusa. Ndani yake mna cheti cha ubatizo, picha ya ndoa, karatasi ya shamba, na mara nyingine vipande viwili vitatu vya feza ya chuma ambavyo havinunui tena hata sanduku la kiberiti. Siku risasi zinapolia, mama anabeba mtoto mgongoni, mkubwa anabeba sufuria, na kikopo kile kinaingia ndani ya kitenge. Ndiyo maana sarafu za zamani zinaonekana hata mahali ambapo wahami wamefikia bila kitanda wala godoro. Ni ndogo, haziozi, na ni za babu.

Njaa ikizidi, sarafu hizo zinauzwa. Mnunuzi wa kwanza hulipa franga chache. Wa pili anapiga picha kwa simu. Wa tatu, ambaye pengine yuko Brussels, Paris au Marekani, anaiweka kwenye tangazo la mauzo mtandaoni, na chini ya picha kunakuwa na maelezo marefu yaliyoandikwa kwa lugha tamu. Siku hizi, mara nyingi, maelezo hayo hayakuandikwa na mtu. Yameandikwa na akili bandia, ile programu ya kompyuta inayotunga sentensi.

Mtu anaweza kuuliza: hilo linamhusu nini mhami asiye na chakula cha jioni? Linamhusu kwa sababu mbili. Kwanza ni bei: anayejua kitu ni nini ndiye anayekipangia bei. Pili ni historia: sarafu ikishauzwa, maelezo yale ndiyo yanabaki kuwa ushuhuda wake. Kama ushuhuda ni wa uongo, watoto watakaosoma kesho watajifunza uongo kuhusu babu zao.

Mashine inaandika vipi

Uuzaji wa vitu vya zamani kwenye intaneti si jambo la jana. Soko la eBay lilianzishwa Marekani mwaka 1995, na sarafu ni kati ya vitu vilivyopata wanunuzi wengi huko, kwa sababu ni nyepesi kutuma kwa posta. Kwa miaka karibu 30, muuzaji alilazimika kuandika maelezo mwenyewe: nchi, mwaka, madini, uzito, hali ya sarafu. Mwenye elimu aliandika vizuri, mvivu aliandika mstari mmoja.

Novemba 2022 programu ya ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote. Mwaka uliofuata, 2023, masoko makubwa kama eBay na Amazon yalitangaza kwamba yanawapa wauzaji chombo cha namna hiyo. Muuzaji anaweka picha au kichwa cha tangazo, anabonyeza, na maelezo yanatokea yenyewe. Anaweza kuyasahihisha kabla ya kuyatoa. Anaweza pia kuyaacha kama yalivyo, na mtu mwenye sarafu 300 za kuuza kwa wiki moja hana muda wa kusoma kila neno.

Ni vizuri kuelewa mashine hii inafanya nini hasa. Haiishiki sarafu. Haiipimi kwa mizani wala haijui mlio wake ikianguka juu ya meza. Imesomeshwa maandishi mengi mno, na kutoka humo inakisia neno gani hufuata neno gani. Ikiona "Congo", "1943" na "tembo", inatunga sentensi zinazofanana na zile ambazo watu wamekwisha kuandika kuhusu vitu vya namna hiyo: hazina adimu, urithi wa Afrika, alama ya nguvu na hekima, nafasi ya pekee kwa mkusanyaji. Sentensi zinateleza vizuri. Lakini kuteleza si ushahidi.

Kuna mengine pia. Mashine husema habari ya kweli na ya kukisia kwa sauti ileile. Mzee akieleza jambo asilolijua vizuri, anasita, anakuna kichwa, anasema "nilisikia tu". Mashine haisiti. Msomaji hana namna ya kutambua ni wapi ujuzi ulipoishia na ni wapi kubahatisha kulipoanzia.

Tembo mwenye pembe sita

Tuchukue sarafu ambayo wazee wengi wanaifahamu: franga 2 za mwaka 1943. Si duara, ina pembe sita. Ni ya shaba ya manjano, ile inayopatikana kwa kuchanganya shaba na zinki. Upande mmoja kuna tembo anayetembea. Upande wa pili kuna thamani, mwaka na jina la Benki ya Congo ya Wabelgiji kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi. Hakuna neno hata moja la Kiswahili, Kilingala, Kikongo wala Tshiluba, ingawa walioitumia ndio waliosema lugha hizo.

Anayekisia atasema ilitengenezwa Ubelgiji, kwa kuwa Congo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Si kweli. Mei 1940 Wajerumani waliivamia Ubelgiji na kuikalia, na kiwanda cha feza cha Brussels kikawa mikononi mwao. Serikali ya Ubelgiji ilikimbilia London. Koloni lilibaki upande wa Waingereza na Wamarekani, na lilihitaji feza ndogo za kulipa watu. Kwa hiyo franga 2 za 1943 zilitengenezwa Philadelphia, Marekani. Mwaka uliofuata, franga 50 za madini ya feza, nazo zenye tembo, zilitengenezwa Pretoria, Afrika Kusini. Kwa maneno mengine, tembo yule ni alama ya nchi mama iliyopoteza nyumba yake. Wabelgiji wenyewe walikuwa wamekimbia.

Na kwa nini koloni lilihitaji feza nyingi ndogo wakati ule? Kwa sababu watu walikuwa wakifanyishwa kazi kuliko kawaida. Mwanzo wa 1942 Wajapani waliteka mashamba ya mpira ya Asia, na mataifa yaliyopigana na Ujerumani yakakosa mpira wa magurudumu. Wanakijiji wa Congo wakarudishwa msituni kuvuna mpira wa porini, kazi ambayo babu zao waliilaani. Mwaka huohuo wa 1942 siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Huko Katanga, wachimbaji wa shaba walikuwa wamegoma Desemba 1941 wakidai mshahara unaolingana na bei za sokoni, na askari wakawafyatulia risasi mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo.

Wengine walibeba bunduki. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walivuka hadi Ethiopia, wakawashinda Waitaliano huko Asosa na Saio. Kambi ya Saio mjini Bukavu inabeba jina la vita vile mpaka leo. Kijana aliyerudi nyumbani akiwa na sarafu ya tembo mfukoni alijua imetoka wapi na imemgharimu nini. Tangazo linalosema kwamba tembo ni "alama ya nguvu na hekima ya Afrika" halimtukani mtu. Linamfuta tu.

Kabla ya sura ya mfalme

Kosa jingine la maelezo ya mashine ni kuanza historia ya feza pale Mzungu alipofika. Kando ya ziwa Kivu, kabla ya franga, watu walifanya biashara kwa butega, yaani bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea. Watembo wa upande wa msitu walizisuka, zikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Idjwi, zikavuka ziwa hadi Rwanda. Juu ya mto Congo ziliendeshwa mitako, fimbo za waya wa shaba ya manjano. Kwingine zilitumika simbi, shanga na vitambaa. Hivi vyote vilikuwa feza, kwa sababu watu walikubaliana kuvipokea.

Katanga kulikuwa na misalaba ya shaba. Mafundi waliyeyusha shaba nyekundu na kuimimina ndani ya vyungu vya mchanga au udongo vyenye umbo la mikono minne. Mwaka 1957 na 1958, na tena miaka ya 1970, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wakakuta misalaba hiyo imewekwa pamoja na marehemu. Kumbe watu wa huko waliijua shaba hiyo karne nyingi kabla ya kampuni yoyote ya migodi.

Katika matangazo ya mauzo, msalaba wa Katanga hutajiwa bei kama ya dukani: mmoja kwa unga kiasi fulani, miwili kwa bunduki. Habari hiyo inarudiwarudiwa kana kwamba bei ilikuwa moja mahali pote na wakati wote. Mama yeyote wa soko anajua hilo haliwezekani. Unga wa mwezi wa mavuno hauna bei ya unga wa mwezi wa njaa. Lakini mashine ikikuta jambo limeandikwa mara elfu, inaliandika mara ya elfu na moja.

Sarafu za kwanza zenye jina la Congo zilitoka mwaka 1887, wakati wa Dola Huru la Congo la mfalme Léopold II. Zile ndogo za shaba zilikuwa na tundu katikati na nyota. Zile kubwa za madini ya feza zilikuwa na uso wa mfalme, na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kazi na maendeleo. Mtu akiisoma sarafu hiyo peke yake, anaweza kudhani ni nchi ya amani iliyolipa watu wake vizuri. Lakini wakati huo huo vijiji vilikuwa vikilazimishwa kuleta mpira, na wengi hawakuiona feza ya madini hata siku moja. Walilipwa mitako, chumvi au kitambaa, au hawakulipwa kitu zaidi ya kiboko. Ubelgiji ilichukua nchi kutoka kwa mfalme tarehe 15 Novemba 1908, na baadaye kodi ya kichwa ikaanza kudaiwa kwa feza. Hapo ndipo sarafu iliingia kweli kila kijiji. Mtu alifanya kazi kwa Mzungu ili apate franga, na akapata franga ili amrudishie Mzungu kodi.

Mashine haiyasemi hayo, kwa sababu muuzaji hataki yasemwe. Maelezo ya mauzo yanataka kupendeza.

Pale majina yanapochanganyika

Kuna sarafu nne au tano ambazo mtu anaweza kuzitumia kupima tangazo lolote linalohusu Congo.

Ya kwanza ni ya Katanga. Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga tarehe 11 Julai 1960, na utengano huo ulimalizika Januari 1963. Mwaka 1961 ilitoa sarafu zake za franga 1 na franga 5, zenye ndizi upande mmoja na msalaba upande wa pili. Msalaba huo ni ule wa shaba, wa mafundi wa kale. Mashine ikiona neno msalaba inaweza kuuita alama ya imani ya Kikristo, na kosa likaenda hivyohivyo kwa wanunuzi. Tena 1961 ni mwaka ambao Patrice Lumumba aliuawa katika ardhi ya Katanga, tarehe 17 Januari. Kuieleza sarafu hiyo kwa ndizi na hali ya hewa ya joto peke yake ni kama kueleza nyumba iliyoungua kwa kusifu rangi ya mlango.

Ya pili ni ya mwaka 1967. Juni mwaka huo serikali ya Mobutu iliondoa franga na kuleta zaire. Zaire 1 iligawanyika katika makuta 100, na likuta 1 katika sengi 100. Zilitoka sarafu za sengi 10 zenye chui, likuta 1, na makuta 5 zenye uso wa Mobutu. Wengi wanaandika kwamba hizo ni sarafu za nchi ya Zaire. Lakini nchi iliitwa Zaire kuanzia tarehe 27 Oktoba 1971. Feza ilikuwa na jina hilo miaka minne kabla ya nchi. Anayesoma maandishi yaliyo kwenye sarafu yenyewe ataona jina la Congo. Na kwa kuwa sengi 10 ni ya alumini, nyeupe na nyepesi, ni rahisi picha yake kuonekana kama madini ya feza. Mkono ungejua mara moja. Jicho la mashine linaona rangi tu.

Ya tatu ni ya miaka ya 1950. Wakati huo Congo, Rwanda na Burundi zilitumia feza moja chini ya Wabelgiji, na sarafu zilibeba majina mawili, Congo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Tangazo moja litaiita sarafu ya Congo, jingine litaiita ya Rwanda, kila moja likikata nusu ya maandishi. Katika maeneo ambayo watu wamepoteza ndugu kwa sababu ya maneno kuhusu nani ni wa wapi, kukata jina si jambo dogo. Sarafu yenyewe haigombani na mtu. Inasema tu kwamba serikali moja ya kigeni iliziongoza nchi hizo pamoja, ikaziwekea feza moja bila kuwauliza wenyeji.

Ya nne ni zile za hivi karibuni. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 zimetolewa sarafu nyingi zenye jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na picha za meli za kale, magari, wanyama na michezo. Kuna hata ya ubao. Zilitengenezwa nchi za nje kwa ajili ya wakusanyaji wa nje. Hakuna muuza samaki wa Kituku wala mwendesha pikipiki wa Bunia aliyewahi kulipwa kwa sarafu hiyo. Hata hivyo maelezo ya mashine yanaweza kueleza jinsi "zilivyotumika katika maisha ya kila siku ya Wacongomani". Ukweli ni kwamba tangu franga ya sasa ianze tarehe 30 Juni 1998, Mcongomani analipa kwa noti, na kwa dola.

Ya tano haikutoka Congo kabisa, lakini ina jasho la Congo. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki, wakiwa wamezingirwa, walitengeneza sarafu ndani ya karakana ya reli mjini Tabora, Tanzania ya leo. Moja ni ya dhahabu, rupia 15, na juu yake kuna tembo aliyeinua mkonga. Wakusanyaji wanaitafuta sana. Maelezo husifu ustadi wa mafundi waliofanya kazi vitani. Ni nadra kutaja ni nani aliyeingia Tabora Septemba 1916: askari wa Force Publique kutoka Congo, nyuma yao wapagazi waliobeba risasi na chakula kichwani, wengi wao wakifia njiani kwa uchovu na magonjwa.

Uongo si mtoto wa mashine

Haitakuwa haki kuitupia mashine kila kosa. Wauzaji wa sarafu walidanganya muda mrefu kabla ya umeme. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyeishi kati ya 1772 na 1830, alitengeneza sarafu bandia za Wagiriki na Warumi kwa ustadi hata wataalamu wakanunua. Inasimuliwa kwamba alizitia ndani ya kisanduku chenye vumbi la chuma, akakifunga chini ya gari lake la farasi, ili mtikisiko wa barabara uzizeeshe.

Hadithi ya uongo ni njia nyingine ya kuzeesha, na haihitaji farasi. Ndiyo maana wakusanyaji walitafuta kinga. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alipendekeza kipimo cha kutoa alama kwa hali ya sarafu, kutoka 1 hadi 70. Mwaka 1986 na 1987 zikaanzishwa kampuni za PCGS na NGC, ambazo hukagua sarafu na kuifunga ndani ya kasha la plastiki lenye alama yake. Mtu aliyetoa alama anaweza kuulizwa. Muuzaji aliyeandika kwa mkono wake anaweza kulaumiwa. Maelezo ya mashine hayana mwenyewe. Mnunuzi akilalamika, muuzaji atasema ni kompyuta.

Pia kuna jambo jipya ambalo Becker hakulijua. Maelezo yaliyoandikwa na mashine leo yanabaki kwenye intaneti. Kesho mashine nyingine itayasoma kama habari, na itayarudia. Kosa dogo la mwaka huu linaweza kugeuka ushahidi wa mwaka ujao. Ni kama uvumi wa kambi: mtu mmoja anasema msaada utakuja Jumatatu, jioni watu mia wanalisema, na yule wa kwanza akilisikia kutoka kwa wengine anaanza kuliamini mwenyewe.

Kwa upande mwingine, chombo hiki kina faida. Kijana wa Goma au Uvira asiyejua Kiingereza anaweza kukitumia kutafsiri maneno yake na kuongea na mnunuzi wa mbali bila dalali. Tofauti iko hapa: mashine inatafsiri anachokijua, au inamtungia asichokijua?

Kile ambacho familia inacho

Mwaka 1993 unaonyesha vizuri ni nani mwenye historia. Bei zilikuwa zikipanda kila siku, na sarafu za zaire 1, 5 na 10, zilizotengenezwa miaka ya 1987 na 1988, zilikuwa zimekwisha kuwa vyuma vya watoto kuchezea. Noti ya zaire milioni 5 ilitoka, watu wakaibandika jina la Dona Beija, la mchezo wa televisheni kutoka Brazil. Wafanyabiashara waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaasi na kupora Kinshasa. Oktoba mwaka huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai waliikataa, wakaendelea na zile za zamani.

Takwimu hizo zimo vitabuni, na mashine inaweza kuzipata. Lakini ni mama gani alipika nini siku akiba yake ilipogeuka karatasi? Ni mzee gani aliyezika sarafu za madini ya feza chini ya mgomba, kwa sababu alisema karatasi ni ya panya na serikali? Hayo hayajaandikwa. Yamo midomoni mwa watu wenye miaka 50 na kuendelea, na wengi wao leo wanalala mbali na migomba yao. Mashine haiwezi kusoma kile ambacho hakuna aliyekiandika.

Kwa hiyo familia iliyo na sarafu ya zamani ina mambo machache ya kufanya kabla ya kuiachilia.

Isiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Watu wengi wanadhani kung'aa kunaongeza bei. Kwa mkusanyaji, sarafu iliyosuguliwa imeharibika, na bei inashuka.

Iipige picha pande zote mbili, kwenye mwanga wa jua, na iyaandike maneno yote yaliyomo, hata yale isiyoyaelewa. Nchi, benki, mwaka na thamani visomwe kutoka kwenye chuma. Vikitofautiana na tangazo, chuma ndicho kiaminiwe.

Iipime kwa mizani ndogo kama ipo jirani, na ijaribu sumaku. Madini ya feza, dhahabu na shaba hayavutwi na sumaku. Kikivutwa, basi si hayo.

Imuulize mkubwa wa familia maswali matatu: ilitoka kwa nani, aliipata kwa kazi gani, na kwa nini aliitunza? Majibu yarekodiwe kwa simu, kwa lugha ya nyumbani, pamoja na jina la kijiji. Nakala ibaki kwa familia hata kama sarafu itauzwa. Kama kuna mtoto anayesoma, ayaandike kwenye daftari.

Na mnunuzi akija na maelezo marefu aliyoyatoa kwenye simu, aulizwe: nani aliyaandika, na huyo aliiona wapi sarafu hii? Akikosa jibu, maelezo yale yasitumiwe kupandisha wala kushusha bei.

Hakuna haja ya kumlaumu anayeuza. Sarafu ya babu ikigeuka unga wa siku mbili kwa watoto wenye njaa, babu mwenyewe angekubali. Yeye pia aliipata kwa sababu alikuwa na kodi ya kulipa au tumbo la kulisha. Kitu ambacho hakiuzwi pamoja nayo ni habari zake, na hizo hazina uzito wa kubeba njiani.

Tembo wa 1943 ametembea kutoka Philadelphia hadi bandari za Congo, kutoka kwa karani wa kodi hadi mkononi mwa mvuna mpira, hadi kwenye kifuko, hadi kambini. Anaweza kuvuka bahari tena, safari hii ndani ya bahasha. Anayempokea huko atasoma yale yaliyoandikwa chini ya picha. Yafaa yawe maneno ya mtu aliyemjua yule aliyembeba.